Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na moyo uliochoka: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafuga Kibosho, juu ya Moshi, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, alichotuachia baba mkwe. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja, wote wa bandani. Miaka kadhaa iliyopita nilipita kwenye kipindi kibaya ambacho nilikuwa naamka, nakamua, nakata majani, nalala, na katikati ya hayo sikuwepo. Siku moja nikalisimulia jambo hilo kwenye mkutano wa kikundi chetu cha maziwa. Tangu hapo watu wananifuata mmoja mmoja, wengine kwa kisingizio cha kuja kuangalia mtamba. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu. Mengine ni ya kwangu, mengine nilipewa na wauguzi na daktari walionihudumia. Mimi si daktari.

Kama unafikiria kujiua, usianzie juu. Shuka hadi swali linalotaja jambo hilo, usome lile kwanza.

Huu ni msongo wa mawazo tu, au ni ugonjwa?

Msongo wa mawazo kwa kawaida una sababu unayoijua: pumba imepanda, ada ya Januari, ng'ombe amepandishwa mara tatu na hashiki mimba. Jambo likitatuka, unapumua. Mfugaji asiye na msongo wa mawazo mwezi wa pili, jua likiwaka na majani yakitoka tambarare kwa bei anayotaka mwenye gari, huyo mimi simjui.

Sonona ni kitu kingine. Mvua inanyesha, majani yanaota, ng'ombe anazaa jike, na moyo uko palepale. Wahudumu wa afya huanza na maswali mawili. Je, kwa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na moyo mzito? Na je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekuishia hamu? Kisha wanauliza kuhusu usingizi, chakula, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujilaumu, na mawazo ya kifo.

Shida ni kwamba kwetu watu wachache husema "nina huzuni." Wanasema kichwa kinagonga, mgongo unauma, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka. Mimi nilimeza dawa za vidonda vya tumbo miezi minne. Tumbo lilikuwa linauma kweli, sikuwa nadanganya, ila chanzo hakikuwa tumboni.

Dalili zinaonekanaje kwa mfugaji?

Zinaonekana bandani kabla hazijaonekana usoni. Hizi ni zangu, na nyingine nimeziona kwa wenzangu.

Daftari la maziwa linasimama. Langu lilikuwa na mstari kila siku, asubuhi lita ngapi, jioni ngapi, halafu kuanzia tarehe fulani ya Agosti kurasa ni nyeupe. Ndoo inasuuzwa kwa maji baridi tu, sabuni unaiona pale unaipita. Samadi inajaa hadi ng'ombe analala kwenye unyevu. Ng'ombe analia usiku kucha, anapanda wenzake, ute unaning'inia, unajua kabisa yuko kwenye joto, na humpigii mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija. Unajiambia siku 21 si nyingi, atarudi tena. Zinapita siku 21 nyingine.

Unaacha kwenda kituo cha maziwa, unamuuzia mpita njia kwa bei ya hasara ili usikutane na watu.

Dalili ninayoionea aibu zaidi: nilimpiga ng'ombe. Alikanyaga ndoo, jambo ambalo ng'ombe wote hufanya, nikachukua mpini wa reki. Alivyonitazama, nikaketi kwenye hori nikalia. Ukiona unapiga wanyama, au unawafokea watoto kwa kosa la glasi moja, usijiite mkatili ukaishia hapo. Nenda kaongee na mtu.

Ng'ombe wangu amekufa na nalia kama nimefiwa na mtu. Ni kawaida?

Ni kawaida. Watu watakuambia "si ni mnyama tu." Waache. Mtu ambaye hajawahi kukamua kwa mkono hajui maana ya kuegemeza paji la uso ubavuni mwa kiumbe mmoja mara mbili kwa siku kwa miaka mitano, ukisikia tumbo lake likinguruma. Halafu ng'ombe huyohuyo ndiye ada, ndiye dawa ya bibi, ndiye samadi ya migomba. Akifa, vinakufa vitu vingi siku moja.

Wangu aliitwa Nuru, alikuwa na mimba ya pili. Jumanne nilimwona hali vizuri, nikapapasa chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku. Nilijua ni nini. Kila mfugaji wa huku anaijua ndigana kali, ile inayoletwa na kupe wa masikioni. Dawa yake ipo na inafanya kazi, sharti iwahi. Mimi nikasema kesho. Si kwa sababu ya pesa, pesa ningekopa. Mwili haukuwa na nguvu ya kuinua simu. Kesho yake nikasema kesho. Alhamisi alianza kukohoa, Ijumaa daktari wa mifugo akaja akanitazama mimi kwanza kabla ya kumtazama ng'ombe. Jumapili usiku povu lilimtoka puani.

Nilijilaumu mwaka mzima. Ilibidi muuguzi mmoja anigeuzie swali: kama jirani yako angekuwa na malaria kali, akashindwa kwenda bandani, ungemwita mvivu? Nilikuwa mgonjwa nikimhudumia mgonjwa.

Kilichonisaidia siku zile ni mama mmoja jirani aliyekuja na chupa ya chai akakaa nami uani. Hakunipa ushauri wowote, na nadhani ndiyo maana nakumbuka. Baadaye sana, nilipopata nguvu, niliwachanja waliobaki. Chanjo ya ndigana kali ni sindano ya mara moja pamoja na dawa ya kuudhibiti ugonjwa, na aliyechanjwa anavikwa hereni sikioni. Kila nikiiona ile hereni nalala vizuri kidogo.

Siwezi kuacha banda hata siku moja. Nitapumzikaje?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote yanazunguka hapa. Mwalimu ana likizo. Mwenye duka anafunga. Kahawa inakungoja ichumwe msimu wake. Ng'ombe anayekamuliwa hajui Jumapili, hajui msiba, hajui kwamba jana ulikuwa na homa. Saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni, mwaka mzima, na asipokamuliwa kiwele kinauma, kinaweza kupata ugonjwa. Nilikosa harusi ya mdogo wangu Arusha, saa mbili tu kwa basi, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kukamua.

Ukiniuliza jambo moja la kufanya mwezi huu, nitakuambia: tafuta mtu wa pili anayeweza kukamua ng'ombe wako. Kabla ya kununua mashine ya kukata majani, kabla ya kuongeza ng'ombe wa tatu. Sisemi kuajiri. Nasema mtu mmoja, mtoto wa shemeji, jirani mfugaji, ambaye ukianguka leo, jioni ng'ombe watakamuliwa.

Watu hunijibu haraka: "Ng'ombe wangu hakubali mtu mwingine." Ni kweli, na kuna sababu. Maziwa hayashuki kwa kuvutwa tu. Ukiosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na kukikanda, ubongo wa ng'ombe unatoa homoni inayoyashusha, na kazi yake hudumu dakika chache. Akiogopa, mwili unatoa homoni nyingine inayoizuia. Ndiyo maana mgeni anavuta chuchu dakika kumi anapata nusu lita, anasema ng'ombe mbaya.

Sisi tulifanya hivi na mpwa wangu. Wiki ya kwanza alikuwa anasimama tu upande wa kichwa, anampa pumba, anamkuna shingo, mimi nakamua. Wiki ya pili yeye aliosha kiwele, mimi nikakamua. Wiki ya tatu akavaa kanga yangu ileile ya bandani, ile ya rangi ya udhurungi isiyofuliwa ikatakata, akakaa kwenye kigoda changu, akakamua chuchu mbili za nyuma. Ng'ombe aligeuka, akainusa kanga, akarudi kwenye pumba. Siku ile nilisimama mlangoni mwa banda mikono mitupu, sikujua niiweke wapi.

Sasa mpwa anakamua Jumatano jioni na Jumapili asubuhi. Malipo yake ni maziwa ya jioni hiyo ya Jumatano. Kuna wafugaji wanne majirani wanaobadilishana zamu bila pesa kabisa, na inakwenda. Andikeni tu nani anakamua lini na ng'ombe gani yuko kwenye dawa, maana maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki hayauzwi mpaka siku zake ziishe, na hapo ndipo zamu nyingi hugombana.

Nalala vibaya. Nifanye nini?

Piga hesabu kwanza. Kama unaamka saa kumi na moja kasorobo na unaweka simu chini saa sita usiku, tatizo lako la kwanza linaweza kuwa simu.

Ukiamka saa nane usiku ukaanza zile hesabu (pumba kilo ngapi, deni kiasi gani, mtoto anafungua lini) usibaki kitandani ukigeuka. Washa taa, ziandike kwenye karatasi, ziache mezani. Saa nane usiku kila deni ni kubwa. Usiende bandani, labda kama kuna anayekaribia kuzaa. Na kahawa baada ya saa kumi jioni mimi siigusi, japo naishi katikati yake.

Nina madeni na simu ya mkopeshaji inanitetemesha.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, imeumiza wafugaji wengi niwajuao, hasa akina mama. Mtu anakopa kununua pumba Septemba, anakopa kwingine kulipa ule wa kwanza, na Desemba anajificha nyuma ya nyumba akisikia pikipiki.

Nitakachosema si cha kitaalamu sana. Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi, lini, riba. Yote, hata lile la dukani. Utaogopa kuuona ukurasa huo, na ukishauona utakuta ni namba, zina mwisho. Mwonyeshe mtu mmoja. Kisha nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa kuliko anayezima simu. Kama una ndama dume, muuze. Kumlisha dume kwa maziwa ya kuuza ni ubishi tu. Na usikope kulipa mkopo. Hilo nalijua kwa kulifanya.

Maziwa yangu yalikataliwa kituoni mbele ya watu. Naona aibu kurudi.

Yangu yalikataliwa mara mbili wiki moja. Wanachanganya maziwa kidogo na spiriti, yakiganda basi. Yule kijana wa kupima alisema kwa sauti, "Mama, haya hapana," na foleni nzima ikageuka. Nilimwaga lita kumi na moja kwenye migomba, nikarudi njia ya mtoni ili nisipite kwa watu.

Kipimo kile kinapima maziwa. Yanaweza kuganda kwa ugonjwa wa kiwele, kwa ng'ombe aliyekaribia kukaushwa (kuachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa), kwa dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, iliyochanganyika kabla siku za mwanzo hazijaisha, au kwa dumu lililosuuzwa vibaya. Kwangu ilikuwa kiwele, chuchu moja ya kulia mbele, na mimi kwa hali niliyokuwa nayo nilikuwa nimeacha kukamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi kuangalia mabonge. Nenda siku inayofuata mapema, watu wakiwa wachache, umuulize mpimaji kilichotokea. Wengi wanaeleza vizuri wasipokuwa na foleni.

Mume wangu ameacha kuongea. Nikimuuliza anafoka.

Wanaume wengi sonona yao haitoki kwa machozi. Inatoka kwa hasira, kwa kuchelewa kurudi, kwa kukaa kimya mezani.

Usimkalishe sebuleni ukamuuliza "una tatizo gani?" Huo ni mwito wa kikao. Muulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnakata majani, macho yenu yakiwa kwenye panga. Sema ulichokiona, bila kumhukumu: "Baba Fulani, naona siku hizi huli, na usiku unakaa nje." Kisha nyamaza. Kimya kikirefuka, endelea kukata. Akisema neno moja, usilijibu kwa suluhisho. Kama kwako haiwezekani, mtafute kaka yake anayemheshimu au rafiki aliyesoma naye, mtu mmoja. Tafadhali usiitishe kikao cha ukoo. Nimeona mwanaume akitoka kwenye kikao kama hicho akiwa mgonjwa kuliko alivyoingia.

Na Desemba mwangalie kwa karibu zaidi. Ndugu wanapanda kutoka Dar na Mwanza na magari, wanapita bandani, wanauliza "bado ni wawili tu?" Wao wanatania.

Pombe kidogo inanisaidia kulala. Kuna ubaya?

Inakulaza, haikupumzishi. Usingizi wa pombe unakatika katikati ya usiku, na kesho yake moyo unashuka zaidi ya jana. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kwenye sherehe na wazee haina mjadala hapa. Namzungumzia anayekunywa peke yake, au anayehitaji kitu kikali kabla ya kukamua jioni ili mikono itulie. Kama umefika kwenye mikono kutetemeka, usiache ghafla kwa nguvu zako mwenyewe. Kuacha ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu kunaweza kuleta degedege. Pitia hospitali.

Inawezekana ni ugonjwa wa mwili?

Inawezekana sana, na kwa wafugaji hili lina uzito wa pekee. Bruselosisi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba, humpata binadamu pia. Unaleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioeleweka, na moyo kushuka. Mtu anazunguka na hali hiyo miezi akiambiwa ni malaria au mawazo. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wenye homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapa Moshi, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wengi waliodhaniwa wana malaria hawakuwa nayo, na kama robo ya wagonjwa walikuwa na maambukizi yatokayo kwa wanyama, bruselosisi na homa ya mgunda (leptospirosisi) yakiwemo.

Kwa hiyo ukienda kupimwa, sema waziwazi: mimi nafuga, ng'ombe wangu alitupa mimba mwezi fulani, nilimvuta ndama kwa mikono mitupu. Mhudumu hawezi kuotea. Waombe pia waangalie damu, sukari, na tezi ya shingo. Na nyumbani chemsha maziwa, hata yale ya mtindi, na usishike kondo la nyuma bila glavu.

Nimejifungua miezi miwili iliyopita na siwezi hata kumtazama mtoto.

Dada, nenda kliniki wiki hii na useme hivyohivyo ulivyosema. Kuna sonona ya baada ya kujifungua na inatibika. Zamani mzazi wa Kichaga alikaa ndani miezi mitatu, analetewa mtori, hagusi jembe. Siku hizi naona wasichana wiki ya tatu wako njiani na mzigo wa majani kichwani. Mama mkwe akiuliza, mwambie muuguzi amekataza. Nitakuunga mkono.

Niende wapi, na itakuwaje?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji zaidi, wataandika rufaa. Moshi tuna Mawenzi, hospitali ya mkoa, na KCMC. Wa Arusha wana Mount Meru. Uliza kliniki ya afya ya akili na siku zake.

Nilikwenda baada ya kukamua asubuhi, nikinuka samadi, nimeogopa kukutana na mtu wa Kibosho. Nikakutana naye kweli kwenye benchi, mwanakwaya mwenzangu. Hatukusalimiana siku hiyo. Siku ya pili alinisogezea nafasi.

Ndani hakukuwa na kufungwa kamba wala kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, ambalo ndilo nililoogopa. Nilikaa kwenye kiti, dada mmoja akaniuliza maswali na kuandika. Andika dalili zako kwenye karatasi kabla ya kwenda, kwa sababu ukifika pale utasema "niko salama tu" kwa mazoea.

Dawa zitanifanya mzembe, nishindwe kuamka kukamua?

Si kila mtu anapewa dawa. Wengine wanapewa mazungumzo na miadi ya kurudi, wanapona. Ukipewa, mambo matatu niliyoambiwa nami nikayaona: hazifanyi kazi siku ile ile, zinachukua wiki kadhaa, hazikufanyi teja, na usiziache ghafla ukishajisikia nafuu, mpaka mhudumu akupunguzie. Mimi niliendelea miezi kadhaa baada ya kuwa sawa.

Baadhi zinaleta usingizi, kama amitriptilini, ndiyo maana humezwa jioni. Wiki mbili za kwanza alfajiri nilikuwa kama nimefungwa kitambaa usoni. Mpwa alikamua. Unaona kwa nini nilisema anza na mtu wa pili.

Mchungaji aliniambia niongeze maombi. Na jirani anasema nimerogwa.

Nasali, na nilisali kipindi kile chote. Lakini ng'ombe wako akivimba tumbo unasali na bado unamwita daktari wa mifugo, tena mbio. Kiongozi mmoja wa dini aliniambia imani yangu ni ndogo, nikarudi nyumbani nimeongezewa mzigo. Mwingine, baadaye, alinisindikiza kliniki. Chagua wa pili.

Kuhusu kurogwa: kama wanaokupeleka kwa mganga wanataka umalize ndama wako kwa malipo, huo ni msongo mwingine juu ya msongo.

Nawaza kujiua. Au: namjua mtu anayewaza hivyo.

Kama ni wewe, fanya hili sasa hivi: usikae peke yako. Nenda kwa mtu yeyote, jirani, dada, mwendesha bodaboda wa kijiweni unayemwamini, na useme maneno haya: "Nina mawazo ya kujiua, kaa nami." Huhitaji kueleza sababu. Kisha mwende pamoja hospitali iliyo karibu, upande wa dharura, hata kama ni usiku. Namba ya dharura ni 112. Ng'ombe watakamuliwa, na wasipokamuliwa leo si neno.

Mawazo haya huja kwa kishindo na hushuka. Wengi waliofika ukingoni wakazuiliwa siku moja wako hai na wanashukuru. Mimi ni mmoja wao, na sitaki kusema zaidi.

Kama ni mwenzako, muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua. Usimhubirie, usimwite mwoga, usiahidi kuficha siri. Kaa naye.

Na kwa kila nyumba ya mfugaji, iwe kuna mgonjwa au hamna: dawa ya kuogesha ng'ombe na viuatilifu vya kahawa vikae kwenye sanduku lenye kufuli, na kama kuna mtu asiye sawa nyumbani, ufunguo ukae nyumba nyingine kabisa. Kwangu uko kwa shemeji. Kila nikitaka kuogesha natembea hadi kwake, ananipa, ananisubiri nirudishe. Mwanzoni ilinikera.

Niuze ng'ombe wote niachane na haya?

Labda. Kufuga si kiapo. Ila usiamue mwezi ule ambao huwezi hata kuamua ule nini. Subiri usingizi urudi, ufungue daftari, uandike miezi miwili ya maziwa na gharama bila kujidanganya, kisha uangalie ng'ombe mmoja mmoja. Wengine wanajilipa, wengine unawalipia wewe kwa mgongo wako.

Mimi nilikuwa nao watatu baada ya Nuru. Daftari lilisema wa tatu anakula pumba ya wenzake na kutoa lita nne. Nilimuuza kwa mama mmoja wa Uru mwenye majani mengi kuliko mikono yangu. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikafagia ile sehemu yake. Sasa pale kuna mabua ya mahindi hadi darini, na baiskeli ya mwanangu.